Volkano ya Siki, Jembe la Shule na Neno "Usanisinuru"

Siku hizi ni nadra shule ya msingi kufanya siku ya wazi bila volkano. Mnaijua. Mlima wa udongo wa mfinyanzi, katikati kimefukiwa kichupa, mtoto wa darasa la tano anamimina siki juu ya soda ya kupikia iliyotiwa rangi nyekundu, povu linafurika, mgeni rasmi anapiga makofi. Jioni picha ziko kwenye grupu la wazazi, na chini yake maneno: "Wanafunzi wetu wakijifunza kwa vitendo."

Vitendo nimeviona. Hilo neno "wakijifunza" ndilo nina shida nalo.

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya namna hii, nilikuwa nawauliza watoto waliosimama nyuma ya meza swali moja tu: sasa mlima wa kweli nao una siki ndani? Wengine walicheka. Wengine walisema ndiyo, bila wasiwasi wowote. Mmoja alinijibu kwa ukakamavu kabisa kwamba volkano hutokea asidi ikikutana na besi, maneno aliyokaririshwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Siwalaumu hata kidogo, maana ndicho mikono yao ilichowafundisha. Povu la mezani linatoka kwenye siki na soda, ambazo zikikutana zinazalisha gesi ya kaboni dayoksaidi. Volkano halisi hailipuki hivyo. Magma ikiwa chini sana, gesi (mvuke wa maji hasa, na hiyo kaboni dayoksaidi) zimeyeyuka ndani yake kwa sababu ya mgandamizo mkubwa. Ikipanda, mgandamizo unapungua, gesi zinatoka, zinatanuka na kuisukuma magma nje. Chupa ya soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa ingefundisha hilo vizuri zaidi, tena bila udongo wala rangi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Tanzania tuna mlima ambao ungeigeuza ile meza kuwa darasa kweli. Ol Doinyo Lengai, wenye urefu wa mita 2,962, upo kusini mwa Ziwa Natron, na ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya kabonati yenye sodiamu nyingi, yaani ndugu wa karibu wa magadi. Lava yake ina joto la kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati lava ya kawaida ya basalti hufika 1,100 na zaidi. Inatoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mwaka 2007 na 2008 mlima huo ulilipuka kwa nguvu na kurusha majivu. Chukua aya moja ya habari hizo, iandikwe kwa Kiswahili cha mtoto wa darasa la nne, iwekwe kando ya ule mlima wa udongo, halafu mtoto aambiwe: soma, kisha nieleze mfano wako unafanana wapi na Lengai na unatofautiana nao wapi. Hapo kuna kazi. Lakini kwenye meza nilizoziona hapakuwa na aya yoyote. Palikuwa na manila yenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, mwandiko wa mwalimu.

Shule zetu zimeweka vitendo upande mmoja na kusoma upande mwingine, kama watoto wa baba mmoja ambao mama zao hawasalimiani. Kwenye vitendo hakuna cha kusoma, kwenye kusoma hakuna cha kushika, na kila upande unaumia kwa kumkosa mwenzake.

Nianze na upande wa mikono. Kuna imani iliyoenea sana, hasa kwenye semina, kwamba mkono ukishika kitu kichwa kitaelewa chenyewe. Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam walichapisha jaribio walilofanya Marekani na watoto 112 wa darasa la tatu na la nne. Watoto walipewa ubao wa mteremko na mipira, wapange majaribio ya kujua nini kinaufanya mpira uende mbali: mwinuko, ulaini wa ubao, urefu wa njia au aina ya mpira. Siri ya jaribio zuri ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati na kuacha vingine vilevile. Kundi moja lilielekezwa wazi, likaonyeshwa jaribio zuri na jaribio bovu na kuelezwa kwa nini. Kundi la pili liliachwa lichezee vifaa hivyohivyo ligundue lenyewe. Waliomudu kupanga majaribio sawasawa kwenye kundi la kwanza walikuwa asilimia 77. Kundi la pili asilimia 23.

Angalia vizuri: makundi yote mawili yalishika vifaa. Tofauti ilikuwa maelezo. Na tusiwe washabiki wa upande mmoja, wale wachache waliogundua wenyewe hawakuwa dhaifu kuliko wenzao walipopimwa baadaye kwa kazi nyingine. Shida ni kwamba walikuwa wachache. Louis Alfieri na wenzake walipokusanya tafiti 164 za aina hii mwaka 2011, picha ilikuwa hiyohiyo: kumwacha mtoto agundue bila msaada kunamwacha nyuma ya aliyeelekezwa, lakini kugundua kwa kuongozwa, mwalimu akiuliza, akisahihisha na kumtaka mtoto aeleze anachokiona, kunashinda njia nyingine. Kwa hiyo anayesema "vitendo havina maana, rudini kwenye ubao" naye hana pa kusimamia.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii tunapotundika zana ukutani. Kitu cha kushika kinaweza kuziba kile kinachowakilishwa. Judy DeLoache alifanya majaribio na watoto wadogo kwa kutumia kijichumba cha mfano: unaficha mdoli kwenye chumba kidogo, mtoto anatakiwa aende kutafuta mdoli mkubwa mahali hapohapo kwenye chumba kikubwa. Watoto wa miaka mitatu huweza. Lakini waliopewa nafasi ya kukichezea kile kijichumba kwanza walifanya vibaya zaidi, kwa sababu kwao kilishageuka kuwa toi, hakikuwa tena alama ya chumba kingine. Wale ni watoto wa umri mdogo kuliko wa shule ya msingi, nakubali. Ila kila mwalimu wa darasa la kwanza aliyewahi kugawa vizibo vya soda kwa ajili ya kuhesabu anajua dakika ya tano vinakuwa nini: magari, pesa, na bao.

Sasa twende upande wa kusoma, maana huko ndiko tunakojidanganya zaidi.

Kiswahili ni lugha rafiki sana kwa anayeanza kusoma. Irabu tano, kila moja na sauti yake, silabi nyingi zinaishia na irabu, unachokiona ndicho unachokitamka. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wafini, ambao maandishi yao yananyooka kama yetu, walisoma kwa usahihi asilimia 98 ya maneno waliyoyazoea. Waskoti wanaosoma Kiingereza walipata asilimia 34. Mimi nikiona hivyo najisikia fahari kidogo, kama vile Kiswahili nimekibuni mimi. (Kuandika ni habari nyingine. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza tahajia za watoto wa Tanzania na kuonyesha, mwaka huohuo 2003, kwamba lugha yenye maandishi yaliyonyooka nayo ina mitego yake.)

Ila urahisi huo una mtego wake pia. Mpe mtoto wa darasa la nne anayesoma vizuri neno "usanisinuru." U-sa-ni-si-nu-ru. Atalisoma bila kukwama, pengine kuliko mimi. Mpe sentensi ya namna hii: "Mimea hutengeneza chakula chake kwa njia ya usanisinuru." Atasoma kwa sauti nzuri, na kituo ataweka. Mwalimu ataridhika, mzazi nyumbani atasema mwanangu anajua kusoma. Muulize usanisinuru ni nini, atakujibu: ni njia ambayo mimea hutengeneza chakula chake. Amekurudishia sentensi yako kama mwangwi. Muulize basi chakula hicho kiko wapi kwenye mchicha wa bustani ya shule, utaona macho yanatafuta dari.

Wataalamu wa kusoma wana kanuni fupi kwa hili, ya Philip Gough na William Tunmer tangu mwaka 1986: kuelewa maandishi ni zao la kuzidisha uwezo wa kutamka maandishi kwa uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwenye Kiingereza, mtoto asiyeelewa mara nyingi unamsikia, kwa sababu anakwama hata kutamka. Kwetu humsikii. Anatiririka. Ndiyo maana kusoma kwa pamoja darasa zima, ile sauti moja inayosikika mpaka barabarani, kunaweza kuendelea mwaka mzima bila mtu kugundua kwamba nusu ya darasa haijui inasoma nini.

Na kuelewa lugha kunategemea sana kuijua habari yenyewe. Donna Recht na Lauren Leslie walionyesha hili mwaka 1988 kwa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha wausimulie mchezo na kuuigiza kwa kusogeza vinyago kwenye kiwanja cha mfano. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliwashinda wasomaji wazuri wasioujua. Tafsiri hilo kwetu: mpe kijana anayesoma kwa kujikongoja ripoti ya mechi ya Simba na Yanga, uone nani atamfundisha nani. Ujuzi wa jambo unabeba usomaji. Na mtoto wa miaka tisa anaupata wapi ujuzi wa mbegu, udongo, joto, kuelea na kuzama? Kwa kushika.

Hapo ndipo pande mbili zinapokutana, na ushahidi upo, wala si wa jana. Arthur Glenberg na wenzake, mwaka 2004, waliwapa watoto wa darasa la kwanza na la pili hadithi fupi kuhusu shamba, na mezani wakawekewa wanyama na vifaa vya shamba vya kuchezea. Mtoto akisoma sentensi, anafanya kwa mikono kile ilichosema. Walielewa na kukumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Kisha wakafundishwa kufanya hivyo kichwani, kwa kuwaza wanasogeza vile vitu, na faida ikabaki. Kwa darasa lenye watoto themanini hii ni habari kubwa: huhitaji seti themanini za ng'ombe wa plastiki. Unahitaji seti moja mbele ya darasa, halafu unawafundisha wengine kufumba macho.

Kule Florida, Nancy Romance na Michael Vitale walifanya jambo ambalo afisa elimu yeyote angelikataa likija mezani kwake. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1992 waliondoa kipindi cha kawaida cha kusoma cha darasa la nne, saa mbili kwa siku, wakaweka sayansi ya kina: majaribio, kusoma kuhusu majaribio hayo, kuandika, kujadili. Matokeo ya sayansi yalipanda, hilo linategemewa. Yaliyopanda pia ni matokeo ya kusoma. Watoto walisoma vizuri zaidi baada ya kunyang'anywa kipindi cha kusoma, kwa sababu sasa walikuwa na kitu cha kusoma wanachotaka kukijua. John Guthrie na wenzake nao waliona mwaka 2006, kwa darasa la tatu, kwamba kazi za kushika na kuchunguza zikiunganishwa na vitabu vinavyohusu kitu hichohicho zinaongeza hamu ya kusoma na uelewa. Neno la kushika hapo ni "hichohicho." Siyo kuchunguza kinyesi cha bundi asubuhi na kusoma hadithi ya sungura mchana.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wamarekani. Hapana, tulikuwa nayo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake ni kwamba elimu tuliyorithi inawafanya watoto waamini maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa waliosoma. Akataka shule iwe na shamba. Watu wengi wanakumbuka hapo tu, jembe. Lakini ndani ya andiko hilohilo alitaka kazi ya shamba iungane na masomo: sifa za mbolea zielezwe kwenye somo la sayansi, kisha wanafunzi wazione zikifanya kazi, na mipaka yake waione, shambani. Hiyo ni mikono na kitabu pamoja, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Glenberg na wanyama wake wa plastiki.

Tuliosoma shule hizi tunajua kilichobaki. Jembe likawa kazi, na likawa adhabu ya kuchelewa namba. Tulilima, tukapalilia, tukamwagilia, na mahindi yakavunwa. Sikumbuki hata siku moja kushika daftari nikiwa kwenye tuta. Kipindi cha sayansi kilipofika tulikaa darasani tukanakili "aina za mbolea" kutoka ubaoni, shamba likiwa hatua hamsini kutoka dirishani. Kwa hiyo tukilalamika leo kwamba kujifunza kwa vitendo ni mzigo mpya wa mtaala, tujue tumewahi kuwa na vitendo kwa miongo mizima, ekari na ekari, na bado havikufundisha, kwa kukosa maandishi.

Ingekuwaje basi? Chukua jaribio ambalo kila shule inalo tayari: maharage kwenye pamba. Kwa kawaida linaisha hivi: mbegu imeota, watoto wamechora, mwalimu ameweka vema. Wakiulizwa mbegu inahitaji nini ili iote, wanaimba: udongo, maji, mwanga wa jua. Wakati mbele yao kuna mbegu imeota bila udongo! Mikono imeona, mdomo umekariri, havikuwahi kukutanishwa.

Fanya nne. Chupa ya kwanza yenye pamba mbichi dirishani. Ya pili yenye pamba mbichi, ndani ya kabati lililofungwa. Ya tatu yenye pamba kavu, dirishani. Ya nne mbegu izamishwe ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yamwagwe mafuta kidogo ya kupikia ili hewa isiingie. Kabla ya kufunga kabati, kila mtoto aandike sentensi moja: chupa ipi haitaota, na kwa nini. Waache siku tano. Ya kabatini itaota. Itakuwa imerefuka, imepauka, shingo nyembamba, lakini imeota, kwa sababu haragwe halihitaji mwanga ili kuota. Linahitaji maji, hewa na joto la kutosha, na chakula cha kuanzia limebeba lenyewe. Ndipo sasa, siyo kabla, wape aya kuhusu uotaji na wape kazi: pigia mstari sentensi ambayo chupa zetu zimeithibitisha, zungushia duara sentensi ambayo hatukuipima. Aya ikisema mzizi hutangulia kutoka kabla ya majani, waende wakaangalie. Na ule mche uliopauka ndio unaolifungua lile neno letu. Mwalimu akiuliza kwa nini wa dirishani ni wa kijani na huu hapana, akaandika ubaoni "usanisi" na "nuru" kwa kutenganisha, sidhani kama kuna mtoto atakayetazama dari.

Najua pingamizi la kwanza: idadi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tunajua madarasa mengi yamepita hapo mbali. Silidharau hili, darasa la watoto mia halifanyi kile kinachofanywa na la ishirini. Lakini chupa nne ni chupa nne hata darasa likiwa na watoto mia, na aya moja inaweza kuandikwa ubaoni. Kinachopanda na idadi ni usahihishaji, na hapo namwonea huruma mwalimu kweli. Ndiyo maana nimependekeza sentensi moja, siyo insha.

Pingamizi la pili ni mtihani, na hili sina jibu lake. Maswali ya kuchagua jibu hayamuulizi mtoto alibashiri nini wala alikosea wapi. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa wastani wa shule ana haki ya kuniuliza chupa ya kabatini itampandishia maksi ngapi. Nikimwonyesha matokeo ya Florida ataniambia yeye hayuko Florida.

La tatu ni letu sisi. Hizo aya zitatoka wapi? Vitabu vya hadithi kwa watoto vimeongezeka. Maandishi mafupi ya sayansi kwa Kiswahili, yanayohusu kitu ambacho mtoto anaweza kukishika siku hiyohiyo, bado ni machache mno. Mwalimu hawezi kuyaandika usiku akitoka kusahihisha. Sisi tunaweza; kwenye blogu hii tuko watu wa jiolojia, botania, kemia, na tunaandikiana sisi kwa sisi. Mimi nimeanza na tatu, kila moja maneno yasiyozidi 150: Lengai, haragwe la kabatini, na kwa nini soda inafurika ukiitikisa. Rafiki yangu mmoja anayefundisha darasa la nne amezisoma, akaifuta "mgandamizo" mara mbili kwa kalamu nyekundu, na kuandika pembeni: waambie kwanza wabane chupa tupu ya maji kwa mkono.